Namba usiyoijumlisha ni jina

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, nilimwambia mama mmoja mbele ya watu watano kwamba amekosea. Ofisini tunamwita Mama Utumishi, kwa sababu mafaili ya wafanyakazi yako mikononi mwake tangu enzi za taipureta. Alikuwa ametumia siku tatu kuingiza kwenye Excel namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za vibarua wetu wa msimu. Kila namba ina tarakimu 20, na alikuwa anazisoma kwenye nakala za vitambulisho, nyingine zimefifia hadi unabaki kubahatisha kama hii ni 3 au 8. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo. Mfumo wa kuwaandikisha ulitaka namba zisizo na vile vistari vya katikati, basi niviondoe, kisha niipandishe orodha. Mfumo ukaikataa yote. Nilipoichungulia nikakuta kila namba inaishia na sifuri tano.

"Mama, hizi namba umeziingiza vibaya," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwahi nyumbani.

Hakunijibu. Akachomeka flashi yake, akafungua faili lake, akanigeuzia skrini. "Mwanangu, zangu hizi hapa. Zina vistari na zina mikia. Mikia ya zako umeiacha wapi?"

Mikia niliiacha kwenye kubonyeza Ctrl na H. Nilikuwa nimeiambia Excel itafute kila kistari na iweke patupu mahali pake, jambo ambalo nimelifanya mara mia bila madhara. Safari hii lilikula tarakimu tano za kila kibarua, na hakuna kengele iliyolia.

Kibaba cha tarakimu 15

Namba ikiwa na vistari katikati, Excel inaiona kama maandishi tu, na maandishi haiyagusi. Vistari vikitoka, inaisoma seli upya, inakuta tarakimu tupu, inaamua kwamba hii ni namba. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu Excel ina kibaba kimoja tu cha kupimia namba, na kibaba hicho kinachukua tarakimu 15. Bei ya andazi inakaa humo. Bajeti ya serikali ya mwaka mzima, inayohesabiwa kwa matrilioni ya shilingi, nayo inakaa humo na nafasi inabaki. Lakini ukimimina tarakimu 20, tano za mwisho zinamwagika, na Excel inaweka sifuri pale zilipokuwa ili urefu wa namba usipungue.

Si uzembe wa waliotengeneza programu. Ni mkataba wa zamani. Kiwango kinachoitwa IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985, kinaipa kila namba ya aina hii nafasi ya biti 64 (biti ni 0 au 1 moja ya kompyuta), na tarakimu zenyewe zinapata usahihi wa biti 53. Ukizigeuza kwa hesabu yetu ya kumi unapata tarakimu 15 na ushee. Kwa mhandisi anayepima umbali wa kwenda mwezini zinatosha na kuzidi, maana kwake tarakimu ya kumi na sita ni vumbi. Kwa namba ya NIDA mambo yako kinyume. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kitu ambacho unakichangia na maelfu ya watu. Kinachokutenga wewe na jirani yako kiko mkiani, na mkia ndio unaokatwa.

Ndiyo maana nikaanza kujiuliza swali moja kila ninapofungua kolamu mpya: je, kuna siku nitajumlisha hivi vitu? Mishahara, ndiyo. Kilo za korosho, ndiyo. Siku za likizo, ndiyo. Lakini jumla ya namba za simu za wafanyakazi wote ni ngapi? Wastani wa TIN zenu, zile namba za mlipa kodi, ni upi? Ni maswali ya kipuuzi, na upuuzi wake ndio kipimo. Namba ya simu, namba ya akaunti ya benki, TIN, namba ya mtihani, tokeni ya umeme ya LUKU ambayo nayo ina tarakimu 20: hizi zote ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Na jina linahifadhiwa kama maandishi.

Namna ya kuiambia Excel hivyo ni mbili. Ya kwanza, kabla hujaandika chochote, chagua kolamu nzima na uipe aina ya Text. Neno la kushika hapo ni kabla. Ukiibadilisha baada ya tarakimu kumwagika hazirudi, na hakuna fomula duniani itakayozikumbuka; unarudi kwenye karatasi. Ya pili ni kuanza na alama ya ritifaa, ile tunayoiweka kwenye ng'ombe. Ukiandika ritifaa kisha namba, Excel inaificha ile alama na kuiacha namba yako ilivyo.

Na mimi Ijumaa ile nilipaswa kufanya nini na vile vistari? Ningeviondoa kwa fomula. Andika =SUBSTITUTE(A2,"-","") kwenye kolamu ya pembeni, kisha iburute hadi chini. Fomula hiyo hutoa maandishi daima, hata yakiwa na tarakimu tupu ndani, kwa hiyo mikia yote inabaki. Katika baadhi ya kompyuta zetu alama ya kutenganisha ndani ya fomula ni nukta-mkato badala ya mkato, nitarudi hapo.

Tahadhari moja, kwa sababu nimeiona ikimponza mwenzangu aliyekuwa makini kuliko mimi. Excel haipendi kuona tarakimu zimevaa nguo za maandishi. Itakuwekea pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya kila seli, na ukiibofya itakushauri uigeuze iwe namba. Ni ushauri wa rafiki asiyejua kisa. Kuna watu hawavumilii kuona vipembetatu vimejipanga kama vipele; wanachagua kolamu nzima, wanakubali ushauri, na vipele vinapona pamoja na mikia kukatika.

Kilichofichwa na kilichopotea

Inafaa kutofautisha tarakimu zilizopotea na tarakimu ambazo hazionekani tu. Ukiandika namba ya simu kwa mtindo wa 255, yenye tarakimu 12, Excel itakuonyesha kitu kama 2.557E+11. Watu wengi wakiiona wanahisi faili limeharibika. Halijaharibika. Kuanzia tarakimu 12 Excel inafupisha maonyesho yake, na hiyo E+11 maana yake ni sogeza nukta mara kumi na moja kwenda kulia. Namba iko nzima chini ya kifuniko. Ukiipa aina ya Number isiyo na desimali inajitokeza yote. Namba iliyoandikwa kwa mtindo wa 07 au 06 ndiyo iliyopotelewa kweli, kwa sababu namba haianzi na sifuri, basi sifuri imetupwa. Hiyo angalau unaweza kuirudisha, maana unajua ilikuwa nini.

Mchezo unakuwa mchafu pale CSV inapoingia. Taarifa za miamala ya simu na za benki mara nyingi huja kwa mtindo huo, na mifumo mingi ya kulipa watu kwa mkupuo huutaka. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Haina kumbukumbu kwamba kolamu hii uliitaka iwe maandishi na ile iwe tarehe. Kwa hiyo kila ukiifungua kwa kuibofya mara mbili, Excel inaanza kukisia upya, hata kama jana uliiacha safi. Na ukiihifadhi, inaandika kile kinachoonekana kwenye skrini: kama skrini ilisema 2.557E+11, basi ndani ya faili sasa imeandikwa hivyo hivyo, na zile tarakimu zilizokuwa chini ya kifuniko zimekwenda. Nimeona faili lililotoka mzima kwenye mfumo likafa kwa sababu mtu alilifungua "kuangalia tu" na Excel ilipomuuliza kama ahifadhi akakubali.

Ukitaka kuangalia tu, lifungue kwa Notepad. Hapo utaona ukweli wa faili bila tafsiri ya mtu. Ukitaka kulifanyia kazi, usilibofye. Fungua Excel kwanza, nenda sehemu ya Data, lilete kutoka huko, na kolamu za majina-tarakimu uzitangaze kuwa maandishi. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inakuuliza yenyewe kila unapofungua CSV, na kwa hilo peke yake naipa heshima. Excel nayo tangu 2023 ina sehemu ya kuzima sehemu ya huu ukisiaji katika matoleo mapya. Walioshinikiza kwa miaka hawakuwa maofisa utumishi bali wanabiolojia: jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zinageuka kuwa tarehe 1 Machi na 1 Septemba, hadi mwaka 2020 wataalamu wa kuzipa jeni majina wakaona ni rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kusubiri Excel ibadilike.

Kuna mtego mmoja mbaya zaidi, kwa sababu unamgusa mtu. Umehifadhi namba za NIDA kama maandishi, kila mkia upo, sasa unataka kujua kama kuna mtu ameandikwa mara mbili. Unatumia COUNTIF, au ile rangi nyekundu ya kuonyesha vinavyojirudia. Excel, kwa tabia yake, inapolinganisha hapo inayageuza maandishi ya tarakimu kuwa namba kwanza, yaani inarudi kwenye kibaba cha 15. Watu wawili wenye tarakimu 15 za mwanzo zinazofanana wanaonekana kuwa mtu mmoja. Tangu serikali ilipowasaka watumishi hewa mwaka 2016, neno hewa lina uzito katika ofisi za Tanzania. Kuna mtu anaweza kuitwa kujieleza kwa sababu ya rangi nyekundu iliyowekwa na mashine isiyosoma hadi mwisho. Dawa ni kuongeza nyota: =COUNTIF(A:A,A2&"*"). Ile nyota inailazimisha Excel ilinganishe herufi kwa herufi.

Tarehe zinazoegemea pande mbili

Tarehe ndani ya Excel ni hesabu ya siku. Tarehe 1 Januari 2024 ni siku ya 45292 tangu mwanzo wa 1900. (Hesabu hiyo ina siku moja ya uongo: Excel inaamini mwaka 1900 ulikuwa na 29 Februari, siku ambayo haikuwahi kuwapo. Ilirithi kosa hilo kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili mafaili yapatane, na hadi leo linaishi.) Ukiona kolamu ya tarehe imejaa namba kama 45292, usipige kelele, ipe aina ya Date na itarudi.

Linalouma ni 03/04/2025. Kwetu ni tarehe tatu Aprili. Kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani inasoma tarehe nne Machi, na hainung'uniki. Ikifika 13/04/2025 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, basi inaiacha kama maandishi. Matokeo yake unaweza kuyaona hata ukiwa umesimama nyuma ya mtu: tarehe nyingine zimeegemea kulia mwa seli, nyingine kushoto. Zilizoegemea kushoto hazikusomeka. Za kulia zimesomeka, na huenda zimesomwa kinyume. Watu hurekebisha za kushoto, kwa sababu ndizo zinazoonekana mbovu, wanaziacha za kulia. Mimi siku hizi naandika mwaka kwanza, 2025-04-03, kama NIDA wanavyofanya. Haina utata, na mafaili yenye majina ya namna hiyo yanajipanga yenyewe; ni bora kuliko "orodha mpya", "orodha mpya mwisho" na "orodha mwisho kabisa 2".

Nimesema nitarudi kwenye mkato. Anayefanya kazi na wateja wa Lubumbashi au Bujumbura atakutana nao. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Kifaransa inatumia mkato kama sisi tunavyotumia nukta ya desimali. Kwa hiyo 1,500 yetu, elfu moja na mia tano, kule ni moja na nusu. Ndiyo sababu pia fomula zao, na mara nyingi CSV zao, hutenganishwa kwa nukta-mkato. Tani za mzigo zikitumwa kwa barua pepe kutoka upande mmoja kwenda mwingine, andika 1500 bila pambo lolote.

Mtunza stoo haamini mtu

Mwaka 2020, Uingereza ilikuwa inahesabu wagonjwa wa Covid kila siku. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, wala majina yao hayakuwafikia kwa wakati wale waliokuwa wakifuatilia waliokutana nao. Sababu iliyotajwa ni mtindo wa zamani wa faili la Excel, ule wa XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mtindo mpya unafika 1,048,576. Mistari iliyozidi ilidondoka kimya kimya, kama ile mikia yangu.

Kinachonishangaza si kwamba faili lilijaa. Kinachonishangaza ni kwamba kitu hiki mtunza stoo wa kawaida hawezi kukiruhusu. Lori likifika na mifuko 300 ya saruji, haangalii uso wa dereva. Anashika hati ya mzigo, anahesabu mifuko, anasaini kwa kile alichohesabu. Ikiwa 298, anaandika 298. Hakuna anayeona ametukanwa. Lakini mafaili tunapeana kama watu wanaopeana salamu: "nimekutumia", "nimeipata", kwisha. Tangu ile Ijumaa, kila faili ninalotuma linakwenda na sentensi moja: mistari mingapi, na jumla ya kolamu ya fedha ni kiasi gani. Anayepokea anahesabu upande wake. Sekunde kumi.

Umefuta, au imefutika?

Sasa turudi kwa Mama Utumishi na wale watu watano. Kosa la mkia lilinichukua dakika kumi kurekebisha, kwa kuwa yeye alikuwa ametunza faili lake la mwanzo bila kuligusa. Kosa la mdomo lilichukua muda zaidi.

Kiswahili kina njia ya kusema jambo limetokea bila kumtaja aliyelifanya. Kikombe kimevunjika. Faili limefutika. Umeme umekatika. Walimu wetu waliiita kauli ya kutendeka, na mtoto anaijua kabla hajaanza shule, hasa akiwa amesimama karibu na vipande vya kikombe. Ofisini kauli hii ni mali, ila nadhani wengi tunaitumia kwa mtu asiye sahihi. Tunaitumia kujisemea wenyewe: "bosi, faili limefutika." Bosi si mjinga, anachosikia ni kwamba kuna mtu amefuta na hataki kusema. Kwa wenzetu ndiyo tunakuwa wakali: "umefuta", "umekosea", "umeziingiza vibaya."

Geuza. Ukizungumzia kazi ya mwenzako, sema kilichotokea kwenye faili: "Mama, namba zote zimeishia na sifuri, tuangalie pamoja zimekatikia wapi." Kama ningesema hivyo, angefungua flashi yake vilevile, tungekuta kosa ni langu vilevile, na hakuna ambaye angeaibika. Ukizungumzia kazi yako, mtaje mtendaji: nimefuta, nimekata, sikukagua.

Ujumbe wa kumwambia mkubwa kwamba ulichotuma jana kina kosa ni maandishi magumu kuliko ripoti nzima. Nimeandika kadhaa. Huu ulikwenda vizuri:

"Shikamoo bosi. Orodha ya vibarua niliyokutumia jana ina kosa. Tarakimu tano za mwisho za namba zote za NIDA zimekuwa sifuri. Nilizikata nilipoondoa vistari, na sikukagua kabla ya kutuma. Majina na malipo viko sahihi, havijaguswa. Naomba usiitume mbele. Iliyorekebishwa utaipata leo kabla ya saa kumi jioni."

Hauna "kuna shida kidogo". Neno kidogo tunaliweka kwa heshima, kumlainishia mtu habari, lakini bosi aliyewahi kuumwa na "shida kidogo" akiliona anaanza kuhesabu hasara. Na ile sentensi ya majina na malipo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Mtu akisikia kosa, akili inakimbilia kwenye fedha. Mwambie mapema kipi kimeharibika na kipi kizima. Mwisho, ujumbe huu haukwenda kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Ulikwenda kwa mtu mmoja.

Hilo la kutenganisha kilichoharibika na kilicho kizima hata maprofesa limewakuta. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walionyesha kwamba nchi zenye deni lililozidi asilimia 90 ya pato lao uchumi wao haukui. Wastani wao wa ukuaji ulitoka hasi asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu sana hesabu hiyo walipotaka kubana matumizi. Mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alijaribu kuirudia kwa kazi ya darasani, ikakataa. Akawaomba wenyewe faili lao la Excel, nao wakampa. Fomula ya wastani ilikuwa imeishia mistari mitano juu ya mwisho, ikaziacha nchi tano nje. Yeye na walimu wake walipopiga upya mwaka 2013 walipata ukuaji wa asilimia 2.2. Watu hupenda kusema fomula moja ilidanganya dunia, lakini sehemu kubwa ya tofauti ile ilitokana na data zilizoachwa nje na jinsi nchi zilivyopewa uzito, si ile fomula. Wachumi wenyewe walikubali kosa la fomula bila kuzunguka, wakatetea mengine. Mjadala wa hayo mengine uliendelea. Mimi nachukua kwanza lile la mwanafunzi kuomba faili bila kutukana, na la wakubwa kulitoa.

Kuomba, na kuitikia sawa

Nusu ya kusafisha data inaepukika wakati wa kuiomba. Ukiandika "naomba mnitumie namba za watu wenu", utapokea picha ya daftari, ujumbe wa sauti, na orodha yenye "Juma wa geti". Tuma faili lenye vichwa vya kolamu tayari, kolamu ukiwa umeshazipa aina ya Text, na mstari wa kwanza umeujaza mwenyewe kama mfano: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, simu, tarehe. Watu huiga mfano kwa uaminifu mkubwa, maelezo hawayasomi. Sema pia data inakwenda kufanya nini. Anayejua kwamba namba hii ndiyo itakayompelekea mtu mshahara huiangalia mara mbili.

Ukimaliza kuelekeza, usiridhike na "sawa". Sawa yetu ina maana nyingi, na mojawapo ni "nimekusikia, nakuheshimu, naomba uondoke." Kumuuliza mtu mzima "umeelewa?" ni kumlazimisha aseme ndiyo. Bora umwombe akuonyeshe kwa seli moja: "Mama, hebu tujaribu hii ya kwanza nione kama nimeelekeza vizuri." Hapo mzigo wa kueleweka unakuwa wako.

Na saa. Ukimwandikia mshauri wa nje "tukutane saa 8", wewe ukimaanisha saa nane mchana, kalenda ya simu yake itaweka saa mbili asubuhi na utakuta amekusubiri akaondoka. Andika saa 8 mchana, 14:00, zote mbili. Inaonekana kama kujirudia hadi siku ya kwanza inapokuokoa.

Jumatatu nilisubiri wale watano wafike wote. "Shikamoo mama," nikasema, kwa sauti ileile niliyotumia Ijumaa. "Namba zako zilikuwa sahihi. Mikia niliikata mimi." Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akavuta kiti pembeni yake nimwonyeshe hiyo alama inayozuia. Nikamwambia ni ritifaa, kama ya ng'ombe. Neno ritifaa halikumkaa. Wiki iliyopita amekuja kijana wa mafunzo ya vitendo, akapewa kuingiza namba za akaunti, na nikiwa kwenye meza yangu nikamsikia Mama Utumishi akimuuliza, bila kuinua macho kwenye mafaili yake: "Ng'ombe umewafunga?"